Madigadi ya Singida na Tope la Mbingu

Kibaoni, Ifakara
Masika, 1996

Baba yangu mpendwa,

Shikamoo, Baba. Nakuandikia nikiwa kwenye cherehani yangu, mvua inagonga bati hata mteja akiongea lazima nimsogelee. Mimi ni mzima, nyayo tu ndizo zimelainika kwa kushinda majini. Kifua chako kinaendeleaje? Mama alinidokeza kwamba unakohoa ukimaliza kupepeta uwele. Tafadhali mwachie Petro kazi hiyo, mdogo wangu ana mapafu ya kuuza.

Barua yenu ilinifikia. Umeandika kwamba chumba changu kinafagiliwa kila Jumamosi, na kwamba Ifakara ikinishinda nirudi, hakuna atakayenicheka. Nilitabasamu peke yangu, maana huku nilikuwa nimekwisha kuchekwa.

Unakumbuka nilikuambia nimepata baiskeli ya milima, ile ya mgeni aliyemaliza kazi akarudi kwao? Ina matairi mapana yenye meno, tope inalikata vizuri. Ila haina keria wala madigadi. Mzigo naubeba mgongoni. Basi niliposhona majoho meupe ya kwaya ya kijiji cha Mbingu, nilipanda nayo hivyo hivyo kwenye mvua. Gurudumu la nyuma likanirushia tope njia nzima, likapenya kwenye mfuko, na joho la mwalimu wa kwaya likafika na mstari mweusi kutoka kola hadi pindo. Walilifua mara nyingi, mstari haukutoka. Tangu hapo kule Mbingu siitwi tena Fundi Elia. Naitwa Fundi Mstari, hata na watoto.

Ndipo akaja bibi mmoja wa Mbingu, mfupi, mkavu wa maneno. Anamwoza mjukuu wake Fausta na alipenda mkono wangu wa kushona, kwa hiyo akanipa gauni la harusi. Lakini alinitazama usoni akasema, "Fundi, gauni hili likifika na mstari, ubaki nalo. Na usije tena kupima mtu kwetu." Wewe unajua, Baba, wateja wangu karibu wote ni wa Mbingu. Wakinifunga mlango wale, chumba changu cha Singida kinanisubiri kweli.

Nikafuata ushauri wako kwamba baiskeli ivalishwe madigadi, nikaenda kwa Bwana Salumu muuza vipuri kununua madigadi kamili ya chuma kama ya baiskeli yako. Yalikuwa makubwa kwa gurudumu langu, tukayabana hivyo hivyo mpaka yakakaa. Yaling'aa, ungeyapenda. Nikaenda kuyajaribu upande wa Katindiuka, kwenye njia za mashamba ya mpunga. Usikasirike Baba, lakini sikufika mbali. Tope la huku ni mfinyanzi. Liliingia kati ya tairi na chuma, likajaa, likashindiliwa, gurudumu likagoma kabisa. Nikarudi nimeibeba baiskeli begani, na watu wananisalimia kwa upole kama nimefiwa.

Tangu siku hiyo nikawa na ugonjwa wa kuchungulia magurudumu ya watu. Nikiona baiskeli imeegeshwa nainama. Sokoni mama mmoja alinikuta nimechuchumaa nyuma ya baiskeli yake.

"Kaka, umepoteza nini hapo?"

"Samahani mama. Naangalia madigadi yako, siyaoni."

"Masika tunayatoa. Kiangazi tunayarudisha."

"Sasa tope la mgongoni?"

"Mgongo unaogeshwa," akasema, akapanda akaenda zake.

Nilisimama pale nikicheka. Kwetu madigadi ni heshima ya baiskeli, huku mvua ikianza yanavuliwa kama viatu mlangoni. Lakini gauni jeupe haliogeshwi, kwa hiyo swali langu likabaki palepale. Yakiwepo yananiziba, yasipokuwepo yananichora.

Jibu lilinijia nikiwa nampima mteja mnene shati. Nilimwachia nafasi kwapani ili apumue, nikajiuliza, mbona gurudumu sikuliachia? Jioni ile nikachukua karatasi ya mfuko wa saruji, nikalipima gurudumu kama ninavyopima mkono wa shati, nikakata kielelezo. Kisha nikakata dumu la njano la mafuta ya kula kwa kukifuata. Digadi la kwanza nililifanya jembamba mno. Nilivaa shati kuukuu jeupe nikapita kwenye madimbwi, nikarudi na mistari miwili, mmoja kila upande. La pili nikalipanua kupita tairi, nikalirefusha nyuma, na kwa kuwa lilikuwa linapepea nikalikunja katikati kwa pasi ya mkaa, juu yake nimeweka kitambaa. Mama mwenye nyumba alilalamikia harufu hadi alipolala. Nikalifunga chini ya kiti kwa mpira wa tyubu, juu ya tairi nikaacha nafasi ya ngumi nzima. Tope likija linapita, halina pa kukaa. Shati likarudi jeupe.

Gari siliamini msimu huu, na treni inapita saa inayoijua yenyewe. Kwa hiyo siku moja kabla ya harusi nilijifunga mfuko wa gauni mgongoni nikapanda baiskeli. Nisikufiche, niliogopa. Nilikuwa nasikia tope likigonga lile dumu kwa chini, na kila likigonga nilihisi limenipata. Sikuthubutu kusimama nikaangalia.

Bibi alikuwa barazani. Sikumaliza hata shikamoo.

"Geuka," akasema.

Nikageuka. Alinipapasa mgongo kwa kiganja, taratibu, kutoka shingoni hadi kiunoni, halafu akapapasa mfuko. Nikasikia akiita ndani, "Fausta, njoo. Na mletee Fundi Elia maji anawe uso."

Uso! Nilikuwa nimesahau gurudumu la mbele, Baba. Fausta alinikuta nimepakwa tope hadi kwenye kope, akacheka mpaka akaketi. Lakini gauni alilitoa jeupe kama lilivyotoka kwenye pasi. Na kabla sijaondoka, bibi alinipeleka kwa majirani wawili niwapime.

Msalimie Mama, mwambie uwele alionitumia bado naula kidogo kidogo. Msalimie shangazi aliyenifundisha kushika sindano, na mjomba fundi baiskeli, yeye umsomee habari ya dumu polepole. Yale madigadi ya chuma nimeyafunga vizuri kwenye gazeti. Nitakuletea kiangazi nikija kuwaona, huko ndiko kwao.

Na kile chumba, Baba, msikifagie tena kwa ajili yangu. Najua Mama atanyamaza ukimsomea hapa, hata mimi nimeandika nikafuta nikaandika tena. Wekeni humo magunia ya alizeti.

Ni mimi mwanao,
Elia, fundi wa Kibaoni