Kicheko ya Faila

Siku ya kwanza, tarehe 2 mwezi wa sita 1975

Tena nimelala ku mashini ya kushona. Mukono ya nguo ya muteja nimeishona pamoja na mufuko. Kufumua yote.

Baridi kali. Mbabula, jiko yetu ya makaa, iko ndani ya nyumba sasa. Mutoto yangu Faila anatambaa kila fasi, jino ya pili imetoka. Mama ya Ramazani, bwana yangu, amefika kutoka Kasomeno na samaki ya kukausha. Alinikuta uso juu ya kitambaa, ninakoroma. Yule mama akinyamaza, ujue anahesabu makosa.

Siku ya tatu, tarehe 4

Nilianguka na Faila.

Nilikuwa nimemubeba, anachezea kifuniko ya chungu. Akaivaa ku kichwa, akanikazia macho sawa polisi. Nikacheka. Magoti ikaisha nguvu. Tukaenda chini sote wawili, mukono yake karibu na mbabula. Alilia. Niliona, nilisikia. Sikuweza kuinua hata kidole. Mama alikimbia akamunyakua. Hakuungua. Mungu mukubwa.

Usingizi ya ku mashini inakuja tu, bila sababu. Ile ya kuanguka, kicheko ndiyo inaileta. Kila mara.

Mama anasema kamyo, lori ya Kasomeno, inaondoka siku ya posho ya juma ijayo, tarehe 14, na Faila atakuwa ndani. Mutoto hawezi kulelewa na muntu anaanguka-anguka. Ramazani akaendelea kula bukari, ugali yake, sawa hakusikia. Ile saa nilimuchukia. Simutoi mutoto yangu. Simutoi.

Siku ya tano, tarehe 6

Haya leo, aibu tupu!

Kilio kwa jirani, marehemu muzee wa kazi ku lusine, kiwanda ya hapa. Batani yake, bale ba utani ya ku kilio, balikuja kufanya mambo yabo. Moja alivaa kofia ya kazi ya marehemu, akamupigia kelele: "Muzee, amuka! Honi ya lusine imelia, we unalala tu?" Bantu bote kicheko. Nilijiuma midomo. Bure. Chini.

Bakasema nimemufuata muzee. Bakaanza kunililia mimi! Zaina, wifi yangu, alilia kuliko bote: "Ee Mwamvita, alishona muzuri, lakini buvivu, yoo!" Nilitaka kucheka zaidi, na hiyo ikanifunga zaidi. Nilipoinuka nikakaa, nusu yao balikimbia.

Sasa mutaa yetu ya Kenya nzima inasema bulozi. Haya inaniuma.

Siku ya posho, tarehe 7

Nimeamua: sicheki tena.

Faila alivaa kifuniko. Nikakaza uso. Akavaa tena. Akaniangalia sana. Kiisha akaitupa, akalia. Na mimi nikalia.

Hii hapana. Nitaenda ku lupitalo, ku hospitali. Ramazani atakuja, apende asipende. Na mama yake pia, aone mwenyewe.

Siku ya pili, tarehe 10

Jana balinitoa damu. Leo jibu: haiko ile bugonjwa ya usingizi ya mbung'o. Mama alikuwa na hakika ni ile.

Munganga, daktari ya pale, ni kijana wa ku université, chuo kikuu. Alitaka kuniona nikianguka. Akaanza kunichekesha. Masikini wee! Hajui hata kidogo. Tulimuangalia tu. Basi Ramazani, huyu wa kunyamaza, akasimama, akajifunga kikwembe ya mama yake ku kiuno, akalia sawa Zaina: "Lakini buvivu, yoo!"

Nikaenda chini.

Munganga alipiga goti yangu na nyundo ndogo. Haikuruka. Macho yangu ilikuwa wazi, inamufuata. Nilipoinuka akaniuliza: umesikia nini? Nikamurudilia yote balisema. Hata ile Mama alinong'ona juu yangu: "Ee Mungu, usimuchukue, bado ni mutoto." Mama alifunika kinywa na mukono. Sikujua ananipenda. Kweli sikujua.

Munganga alieleza. Chini ya bongo iko fasi ndogo sawa karanga. Iko na seli zake: ingine inatuamusha, ingine inatulalisha, inapokezana sawa bantu ya muchana na ya usiku ku lusine. Kwangu, ile ya kuamusha ni zaifu, haikazi. Ndoto inaingia mbele ya saa yake. Na muntu akiota, mwili inafungwa, asisimame akapige bengine. Mimi ninafungwa muchana, macho wazi. Kicheko inafungua mulango.

Juu ya nini kwangu, kwa sababu gani? Hajui. Alisema wazi bado hawajui yote. Nilimuheshimu kwa ile.

Iko dawa ya asubuhi, iko ingine ya kuanguka. Inapunguza, haiponyi. Na nilale kidogo muchana, bila haya.

Siku ya tano, tarehe 13

Mbabula inje. Mukeka chumba yote. Simubebi Faila nimesimama, ninakaa kwanza. Kiisha chakula ninalala kidogo, kiisha ninashona. Mushono imenyooka. Zaina alipita, nikamuambia mufu anamusalimia.

Mama anaangalia yote. Nguo ya Faila, ile alipakia kwa safari, iko bado ndani ya sanduku yake Mama.

Siku ya posho, tarehe 14

Kamyo ilipiga honi. Mama alikuwa ku mulango na sanduku, mimi ku mukeka na mutoto. Nilikuwa tayari kupigana, wallahi.

Akaweka sanduku chini. Akachukua kifuniko ya chungu, akamuvalisha Faila. Faila akanikazia macho.

Ningeweza kukaza uso. Sikukaza. Nikacheka, nikaenda chini. Faila akanipanda kifua, akanivuta pua, akacheka. Niliona miguu ya Mama. Haikusogea. Alikuwa anangoja aone kama mutoto ataumia.

"Unanisikia, Mama Faila," alisema. "Basi mimi naenda."

Nilipoweza kukaa, kamyo imeshaondoka. Nguo ya Faila ilikuwa juu ya mashini, imekunjwa.

Siku ya Mungu, tarehe 15

Tumekula samaki ya Mama. Baridi imepunguka kidogo. Ramazani amelala, kazi ya usiku inamungoja.

Faila anatafuta kifuniko. Nimeiweka chini, fasi mukono yake inafika. Ninakaa ku mukeka.