Fimbo ya Milepa na Kompyuta ya Kwaya

Mollo, Sumbawanga
12 Machi 2024

Dada Minza, shikamoo. Huko Mbeya mnaendeleaje? Sisi wazima, baridi tu ndiyo inatuamsha, na fundi kompyuta wa Mollo bado ni mimi, kama ulisahau.

Sasa sikia mlichonifanyia. Kwenye tovuti yenu ya Sauti Nne, hiyo programu ya kuandikia nota mnayoitengeneza huko kazini kwako, mmeandika "Toleo jipya, pakua". Basi! Nikafuta la zamani kwenye kompyuta ya kwaya, nikaweka jipya. Likagoma: mfumo wako ni wa zamani. Windows 7, ndiyo, kwani ni ugonjwa? Nyimbo za Pasaka zote zimo humo na hazifunguki. Karatasi za besi Mama Getruda alishafungia vitumbua.

Mwalimu Felisiani wa kwaya haongei, anakohoa tu. Baba ndiye anaongea. Pasaka ikipita bila nyimbo hizo, ufundi basi, nashuka bondeni Milepa kuchunga ng'ombe. Fimbo ameshaichonga, iko mlangoni. Dada, mimi na akili zote hizi?

Mdogo wako,
Shija

Mbeya
15 Machi

Mdogo wangu, marahaba. Mafua yamepungua, namshukuru Mungu. Wewe mdomo haujapungua. Mtu anafuta cha zamani kabla hajajaribu kipya, halafu anajiita fundi!

Ila kwenye tovuti umetushika. Toleo la zamani lipo, na kwenye Windows 7 linafanya kazi. Tumelitupa chini kabisa ya ukurasa, kwa Kiingereza, kama vile wenye kompyuta kuukuu wanatutia aibu. Kiungo hiki hapa, pakua. Halafu niandikie wewe tuweke maneno gani pale juu.

Dada yako,
Minza

Mbeya
23 Machi

Shija, mbona kimya? Simu haipatikani, baba naye hapokei. Umeshuka Milepa? Niambie tu, hata kama ni hivyo.

Dada yako

Mollo
1 Aprili

Dada, shikamoo, na Pasaka njema. Futa machozi, nipo. Nyimbo zilipofunguka niliruka, simu ikazama kwenye ndoo ya togwa ya Bi Adela. Hii ninayoandikia ni ya Mwalimu. Kikohozi chake kilipona siku ileile!

Maneno uliyoniomba haya hapa, usiyaguse: "Kompyuta yako ni ya zamani? Usifute kitu. Toleo lako hili hapa. Halitaongezewa mapya, ila nyimbo zako zitafunguka. Mwenye Windows 10 na kuendelea, achukue lile jipya." Akili ya mtu wa Form Two hiyo, imezeni.

Fimbo unaiulizia? Mwalimu alikuja kunishukuru, akaiona mlangoni, akasema imenyooka vizuri, akaondoka nayo. Jana ndiyo aliyoongozea kwaya. Baba alikuwa benchi la mbele. Nikadhani atasimama aidai. Wapi! Kila fimbo ilipopanda, naye akaimba.

Mdogo wako,
Fundi Shija