Disipure ya Mama

Shikamoo Mama,

Marahaba nimejiitikia mwenyewe. Tangu uondoke naiamkia picha yako ukutani kila nikija nyumbani, na Robhi ananicheka. Nakuandikia nikiwa Nyarero, nimekaa kwenye benchi lako mbele ya kibanda, na dada yangu huyo yuko nyuma yangu anakaanga mandazi na kulalamikia kuni. Najua kusoma kulikuwa kunakusumbua. Nitaandika herufi kubwa, na palipo pagumu mwombe aliye karibu nawe huko akusomee.

Nimekuja na habari za Disipure, na si nzuri zote.

Unakumbuka ilivyofika? Bwana afya alikuwa amekuandama kwa ajili ya nzi, anataka mandazi yakae kwenye kioo. Ukampigia Mama Mdogo kule ng'ambo ya Sirari, ukamwomba akutafutie kabati. Haukupita muda akapiga simu, anapiga na kelele za furaha: "Dada, nimekupatia display ya duka! Iko na glass, iko na stima ndani, wewe tuma tu gari." Ulimsimulia kila aliyepita njiani. Ikaja juu ya gari la ndizi, tukaishusha, tukafungua turubai. Ilikuwa stendi ya chuma ndefu kuliko wewe. Juu ilikuwa na TV ya chogo, chini yake kifuniko cha plastiki kinachoonyesha ndani, na humo ndani mashine ya gemu na pedi mbili zilizofungwa kwa waya mgumu zisiibiwe. Kumbe huko madukani ilikuwa ya kuonyeshea gemu, mteja ajaribu kabla ya kununua. Mama Mdogo hakudanganya, ilikuwa display kweli. Ila haikuwa ya mandazi.

Mtu mwingine angeirudisha siku hiyohiyo. Wewe uliizunguka umeshika kiuno, ukagonga kile kifuniko kwa kidole, ukasema, "Kama kazi yake ni kuonyesha, itaonyesha mandazi." Ukaitoa mashine ukaishusha chini, ukapigilia kibao kimoja kilichopinda, ukapanga mandazi yako humo. Na joto la TV likawa linayaweka ya moto mpaka jioni! Hakuna fundi angewaza hivyo.

Halafu wakaja watoto wa shule. Ukawawekea sheria yako, "Mura, mandazi kwanza, gemu baadaye." Ulikuwa unawaita wote mura, hata wale ambao hawajatahiriwa, na wazee wakakujia juu kwamba unawapa watoto jina la vijana waliopita jandoni. Ukawajibu kwamba kwenye kibanda chako mura ni yeyote aliyenunua andazi. Nawajua watu wazima leo ambao walikuwa hawana njaa kabisa. Walinunua ili waitwe hivyo.

Na ile siku ya rangi. Ilikuwa imebaki rangi ya bluu ya milango ya kanisa, ukachovya brashi, ukaandika ubavuni mwa stendi: DISIPURE. Ulianza na D kubwa kama dirisha, ukaishiwa nafasi mwishoni, ile E ya mwisho ikashukia chini peke yake. Uliandika R mahali pa L kama tunavyotamka sote huku kwetu tukisahau kujichunga. Tulicheka mpaka tukakaa chini, na wewe ukacheka zaidi yetu. Mwaka haujaisha bodaboda wakawa wanasema "nakushusha Disipure", na senta nzima ikalichukua jina.

Uliishia darasa la pili, Mama. Kila karatasi uliyopewa maishani uliweka dole gumba. Nimefikiri sana jambo hili mwaka huu. Neno lile la bluu ndilo neno pekee uliloliandika duniani kwa mkono wako.

Basi sikia. Baada ya ile presha kukuchukua, Disipure ilisukumwa stoo, kuku wa Robhi wakaanza kutagia ndani. Mimi nikasema haiwezekani. Nikaipakia, nikaipeleka kwangu Mugumu, ili siku tukijengea kaburi lako irudi hapa ikiwa mpya, watu waone mwanao amekuheshimu. Ndivyo nilivyotaka, Mama, na naomba ulijue hilo kabla ya mengine.

Nikafanya kazi masika nzima. Mchana nachora mabango ya watu, ya saluni na ya maduka ya dawa, na jioni naigeukia yako. Nilikwangua kutu miguuni. Nilimpata fundi akaifufua TV, nikatafuta pedi hadi Tarime mjini, nikapasha plastiki mpya moto nikaikunja mpaka ikakaa kama kile kifuniko cha zamani. Siku niliyoiosha kwa maji ya bwawa la Manchira yalitoka ya kahawia, mafuta yako ya kukaangia ya miaka yote, na harufu ikajaa uani. Nilipaswa kuacha hapohapo. Harufu ile ilikuwa inaniambia kitu nami nikaongeza sabuni.

Nikafika ubavuni. Chini ya bluu yako niliona pembe ya herufi ya kiwandani, nyekundu yenye ukingo wa njano. Unajua ugonjwa wetu sisi wachora mabango, tukiona herufi nzuri hatulali. Nikachukua msasa. Nikasugua polepole nisiiguse ile nyekundu, nikaitoa D, nikaitoa I, nikaendelea, na kinachoniuma kuliko vyote ni kwamba nilikuwa napiga mluzi. Zile za kiwandani zilitoka zote, nikazijazia rangi palipobanduka. Kibao chako kilichopinda nikakitupa kwenye kuni. Ilipendeza, sitakudanganya. Ilionekana kama imetoka dukani asubuhi ile.

Siku ya kaburi watu walijaa, Mama Mdogo naye akavuka na wanawe. Baada ya ibada nikavuta shuka, nikawasha TV, nikasubiri vigelegele. Watu walitazama kwa adabu. Jirani mmoja akauliza, "Hii mmenunua wapi?" Robhi akaizunguka umeshika kiuno, yaani ameshika kiuno kama wewe, unaona hata kalamu inakuchanganya naye. Akapitisha kiganja ubavuni. Akauliza, "Mwandiko wa Mama uko wapi?"

Nikamjibu, "Nimeusafisha."

Akaniangalia. Akasema, "Kwani ulikuwa uchafu?"

Nikaizima TV, Mama. Mama Mdogo alilia siku ile kuliko siku ya msiba. Alisema yeye ndiye aliyekuletea neno lile kwa simu, na sasa hata lenyewe limezikwa.

Nikasema nitaliandika upya. Mimi si ndiye mchora mabango! Nikanunua bluu ileile, nikashika brashi, na herufi zikatoka zimenyooka, zina nafasi sawa, kama za bango la benki. Mkono wangu umezoea kulipwa usitetemeke. Nikazifuta, nikajaribu wa kushoto. Hapo ikawa mbaya zaidi, ilionekana kama mtu anakuigiza kwa dhihaka, nikaifuta kabla Robhi hajaiona. Nilikaa pembeni ya ile stendi nikakulilia kwa sauti, mtu mzima mwenye ndevu, na haikunisaidia kitu.

Ndipo Marwa akasikia. Unamkumbuka Marwa, yule aliyekuwa anakupigia kelele ya pedi mbovu kila akifungwa. Siku hizi anafanya kazi za mgodini, yuko Kewanja, na bado ana ile picha aliyopigwa siku aliyoshinda wote. Akanitumia kwenye simu. Yumo Marwa na jino limetoka, pedi juu kama kombe, na nyuma yake ubavu wa Disipure. D ipo. I ipo, S ipo, I nyingine ipo. Halafu kinaanza kichwa cha Marwa. Nilimpigia nikamtukana kwa kuwa na kichwa kikubwa, tukacheka wote.

Nikaikuza ile picha, nikaichapisha kwenye karatasi, nikazifuata herufi zako nne kila zilipopinda, hata pale rangi ilipokuchuruzika kwenye S. Hizo ni zako, nimezishikia brashi tu. Zile nyekundu nzuri za kiwandani nimezifunika zote kwa rangi moja, na zako nimeziandika juu yake, palepale ulipoziandika wewe. Zilizobaki sikuziandika. Nimewauliza watu wa senta nzima, na wa Sirari, hakuna mwenye picha nyingine. Robhi alisema nimalizie tu kwa akili yangu. Nimekataa. Nilishatumia akili yangu mara moja.

Kwa hiyo imerudi kibandani, Mama. Kuna kibao kipya ndani, amekipigilia Robhi, nacho kimepinda bila kulazimishwa. Mandazi yamo, joto linafika. Ubavuni pameandikwa DISI, halafu pako wazi.

Nakuahidi msasa hautagusa pale tena nikiwa hai, na pale wazi patakaa wazi mpaka apatikane mwenye mkono wako kwenye picha. Asipopatikana, basi. Lala salama, Mama. Nisamehe ile miluzi.

Ngoja, usilale kwanza. Amekuja mtoto wa shule sasa hivi, mdogo, hata hakuwahi kukuona. Amesimama ubavuni anasoma kwa kidole, "Di-si." Amefika pale wazi. Hakusita hata kidogo, amemalizia mwenyewe kwa sauti, "-pure." Halafu ameomba andazi, na Robhi amemwita mura.

Mwanao,
Mwita