Mikorosho Yako na Pikapu Niitakayo

Kijiji cha Nyangamara,
Lindi.
12 Septemba, 1998

Mpendwa Mjomba Erasmo,

Shikamoo Mjomba. Tumsifu Yesu Kristo. Vipi kifua, kimekuachia sasa baridi imepungua? Na kazi ya mkonge, bado wanakupa au wameshakupumzisha? Sisi huku hatujambo. Mama anasumbuliwa na magoti, lakini mdomo mzima, na kila Jumapili analitaja jina la kaka yake mpaka majirani wanadhani umefika. Mke wangu Dativa anakuamkia.

Mikorosho imetoa maua mengi mwaka huu. Nimeipulizia dawa ya salfa mara tatu, na mgongo unaniambia.

Mjomba, mwenzio situlii. Nakaa nasimama, chai naiacha nusu, Dativa ameshachoka kuniuliza nina nini. Nataka kununua gari. Usicheke kwanza! Tangu wanunuzi binafsi waruhusiwe, anayeufikisha mzigo mjini mapema ndiye anayechagua bei. Mimi nakusanya korosho za nusu ya kijiji, halafu nakaa juu ya magunia siku tisa nikisubiri lori la kukodi. Nikifika Lindi, wenzangu wameshauza na kula pilau.

Pikapu yenyewe nimeiona Lindi mjini. Ni mpya kwa upya wetu huu, maana imetoka Japani ikiwa imetumika, lakini hapa nchini hakuna aliyeikalia, nailoni bado iko kwenye viti. Wanataka milioni nne na laki nane. Mimi nina milioni moja na nusu. Basi wiki tatu sasa nazunguka kutafuta nani atanipa hizo nyingine, na kwa masharti gani.

Mwenye gari mwenyewe, mfanyabiashara wa Dar aliyeileta, anataka nusu taslimu na nyingine kwa miezi kumi. Kadi ya gari inabaki kwa jina lake. Ukikosa miezi miwili anachukua gari, na ulicholipa kimekwenda. Nusu yenyewe sina, hivyo huyo nilimuaga palepale, ingawa nilirudi mara mbili kuigusa bodi.

Benki wananipa miaka miwili, riba thelathini kwa mia. Kijana wa benki ana karatasi nzuri yenye mistari, kila mwisho wa mwezi kiasi kilekile. Nikamuuliza, na Machi je, na Aprili, barabara yetu ikiwa uji na gari limekaa chini ya banda? Akasema benki haina masika. Eti haina masika! Niliondoka nimekasirika, kesho yake nikarudi, maana ndiyo nafuu kuliko zote.

Wa tatu ni Bi Mwanaima, mnunuzi wa korosho pale Lindi. Yeye hataki riba, anasema ni haramu, wala hataki chochote cha kuanzia. Ananinunulia gari leo. Ila kwa misimu minne mavuno yote ya mikorosho anachukua yeye, kwa bei anayoitaja yeye sasa hivi, ikiwa bado maua. Nilipiga hesabu na Dativa mezani, tukakuta gari moja tungelilipia mara mbili na nusu. Mama mpole sana, alinipa na juisi.

Kwa hiyo nikaamua benki. Wakaja kuangalia dhamana, yaani shamba ambalo wataliuza nikishindwa kulipa. Hapo ndipo nilipoaibika. Afisa akauliza mikorosho ya nani, nikajibu yangu, bila hata kumeza mate. Miaka kumi na minane naipalilia, nimeshasahau. Akawageukia wazee wa kijiji waliokuja kushuhudia, akawauliza nani aliipanda. Wote watatu wakasema kwa pamoja, Erasmo. Aliipanda ile likizo yake ya mwaka sabini na nne, akarudi Tanga.

Unajua kwetu ardhi inaweza kuwa ya yeyote, lakini mti ni wa aliyeupanda. Afisa akanipa fomu yenye nafasi ya sahihi yako. Nilipomwonyesha Mama, hakunigombeza, na hilo ndilo lililoniuma. Alisema tu:

"Kaka yangu hana kitu kingine duniani. Umemuuliza kama anarudi?"

Sijakuuliza, Mjomba. Barua zote hizi, nakuomba ushauri, nakupa habari za salfa na bei, na hilo sijakuuliza hata mara moja. Nilishakuhesabu kuwa mtu wa Tanga. Nisamehe.

Basi nakuuliza leo, na sitakuficha, moyo wangu unataka utie sahihi. Naliota hilo gari mchana kweupe. Lakini benki ikiichukua mikorosho, wewe ukirudi utafikia wapi?

Klementi, mtoto wa jirani yetu Agnes, anakuja Korogwe kumfuata mkewe, ndiye anayekuletea barua hii. Ndani ya bahasha kuna fomu, na kuna nauli ya kutoka huko mpaka kwetu. Ukitia sahihi, umpe Klementi fomu na nauli anirudishie; ukitumia nauli, fomu umpe tupu.

Wasalimie wote wa kambini, na mama Rosemary aliyekuuguza. Mama anakuombea, Dativa anakusalimu tena. Mungu akulinde na akupe pumzi ya kutosha. Ukichagua nauli, usiniulize habari za gari. Nitakupokea njia panda kwa miguu, na mzigo wako nitaubeba kichwani.

Mpwa wako akupendaye,
Alfonsi