Kwa Rula Wetu, Uliyeivisha Dawa Koti la Damu

Mwaka umetimia leo, binti yetu, tangu utuachie miwani yako juu ya meza ya jikoni na kiti kisicho na mwenyewe. Mama yako hajaihamisha hiyo miwani. Anaifuta vumbi, anairudisha palepale.

Tulikuita Rula kwa sababu hukuacha neno lipite bila kulipima. Mimi babako, fundi saa mstaafu, nikisimulia kwamba niliwahi kutengeneza saa kubwa kama nyumba, wewe na sare yako ya shule unadakia: "Kama kabati, Baba. Nilikuwepo."

Ulipoanza kazi maabara ulitueleza kwa subira. Dawa ya saratani ikiingia mwilini peke yake inachoma penye ugonjwa na pasipo ugonjwa. Ninyi mliiweka ndani ya punje ndogo mno, kisha mkaivisha utando wa chembe nyekundu za damu, ili askari wa mwili wadhani ni ndugu yao, waiache ipite mpaka kwenye uvimbe. Nikaja na lenzi yangu ya saa kuzitazama hizo punje. Nikaapa nimeziona, tena moja imenikonyeza.

"Mia nane zikijipanga ndio upana wa unywele, Baba. Hujaona kitu."

Siku hiyohiyo mlihitaji damu ya mtu kwa majaribio, nikakunja shati. Ulicheka mpaka ukashika meza. "Jamani, tumepata! Damu yenye uongo kiasi hiki itashindwaje kuwadanganya askari?"

Kisha saratani ikakujia wewe, kwenye kongosho. Dawa za hospitali zikakumaliza nywele, na uvimbe ukabaki vilevile. Nikakuomba, na safari hii sikuwa natania: "Mwanangu, ufunguo wa friji ya maabara unao. Jidunge."

"Imepimwa kwa panya tu, Baba. Nikijidunga nikafa, kazi ya wenzangu itafungwa. Nikipona, nitakuwa hadithi yako nyingine."

Nikasema bora uwe hadithi, ilimradi upo. Ulinyoosha mkono ukanifunga kifungo cha shati nilichokuwa nimekiruka.

Nilikukasirikia siku ile, mama. Nisamehe.

Wiki iliyopita alikuja mwenzako wa maabara, yule mrefu mwenye sauti ndogo. Jaribio mlilolianza pamoja limekamilika. Kati ya panya kumi, wanane uvimbe wao umesinyaa. Akatuonya kwamba mpaka kuwafikia watu bado kuna kazi ndefu. Mimi sikungoja amalize. Nilitoka barazani na ndala mguu mmoja, nikawapigia kelele majirani: "Dawa ya binti yangu! Panya wote kumi!"

Wakashangilia. Nami nikasikilizia nyuma yangu, mlangoni.

Hakuna aliyedakia.

Ikabidi niseme mwenyewe, polepole: "Wanane. Ni wanane."

Unakumbukwa na mama yako, mumeo mwalimu wa hesabu, ambaye sasa hana wa kubishana naye, kaka yako fundi wa lifti, shangazi yako, wenzako wa maabara, binti yako, ambaye jana alinisahihisha kwa mara ya kwanza, na mimi babako, ambaye hapa sijatia chumvi hata punje.

Hutatutoka moyoni kamwe.