Gari Lililomshusha Mkeo

Mwanangu,

Nashukuru ulifika salama. Mimi ni mzima, ila hasira haijanitoka.

Uliposema injini ya gari lako ni ya cc elfu moja, nilijigamba kwa jirani, nikidhani elfu ni nyingi. Kumbe! Jumapili tulikuwa sita ndani. Kwenye kilima cha hospitali, hapa karibu na kwangu, gari likakohoa kama mwenye pumu. Ukasema, "Mama, shukeni kidogo lipate nguvu." Mkeo, na mimba yake ya miezi minane, akapanda kwa miguu, wewe umeshika usukani! Hukuona haya?

Nimemuuliza fundi. Akacheka: "Bibi, watu sita na kilima hiki? Angechukua ya elfu moja mia tano. Hiyo ni ya mtu na kikapu chake."

Nawe wimbo wako ni huo huo, "Halili mafuta." Mtoto wenu wa kwanza alitutoka njiani, mkeo akikimbizwa hospitali kujifungua, baba. Umesahau?

Ndiyo maana nilimzuia mkeo asirudi nawe. Kalibadilishe. Ukija kumchukua na hilo hilo, utanikuta nimesimama mlangoni.

Anayekufokea kwa kukupenda,
Mama