Mpira Nilioufunga Kwenye Tangi

Mke wangu, Mama Gaudensia,

Huko uliko barua hazifiki, najua, lakini karani asipoandika huumwa. Nakuandikia jambo ambalo ulipokuwa hai niliogopa kulisema, na niliogopa kuliko siku ile nilipopanda milimani kwenu Mkumbi kupeleka posa, nikamkuta baba yako ameshika panga la kupogolea mibuni na hakuliweka chini mpaka nilipomaliza kujieleza.

Unalikumbuka gari la kijiji. Miaka ile ya ujamaa, sisi wa Chiwanda, kando ya ziwa, tulikuwa na Landrova moja kuukuu, mali ya wote. Na kwa kuwa ilikuwa mali ya wote, kila mwenye kipande cha bomba alijiona ana haki ya kunyonya petroli yake. Mkutano ukaamua kifuniko cha tangi kifungwe, na mfungaji awe karani. Nilikata utepe mrefu wa mpira wa tyubu, nikauzungusha, nikaukaza mpaka kifuniko chenyewe hakikuonekana. Mwenyekiti akanisifu mbele ya watu. Nilirudi nyumbani natembea kama bwana shauri wa enzi za wakoloni, nawe ukaniuliza kama nimeumia mgongo.

Wiki ile ile uchungu ukakushika. Uchungu ulipoingia siku ya pili mkunga akatoka nje, akaniambia mtoto amekaa vibaya, tukimbilie hospitali Mbinga. Dereva wetu, Mzee Salehe, mtu wa Tanga aliyeletwa kwetu na kazi, akatandika magunia nyuma, tukakulaza. Mkunga akakaa nawe, mimi mbele.

Kando ya ziwa gari lilikwenda vizuri. Tulipoanza kupanda likaanza kusita. Mzee Salehe anakanyaga mafuta, gari linafikiri kwanza, kama shahidi wa uongo barazani, linatoa nguvu kidogo, linakohoa, linazima. Ulipiga kelele moja, kisha ukanyamaza. Kelele niliivumilia. Kule kunyamaza ndiko kulikonishinda.

Mzee Salehe akasema ni plagi. Akazifungua, akazipangusa kwa shati lake. Kabla ya kuondoka akataka kujua kama petroli ipo. Nikafungua mpira, akachovya kijiti, ikaonekana ipo tele. Nikafunga tena, na kukaza vizuri, kama mkutano ulivyoagiza. Gari likapanda kama jipya. Baada ya maili mbili tatu, likasita.

Safari hii akasema ni uchafu kwenye kabureta. Akaisafisha, akapuliza bomba la mafuta mpaka macho yakamtoka. Kijiti tena, mpira tena. Tukapanda, na baada ya mwendo ule ule nguvu zikaisha. Mkunga akaniinamia begani, akasema polepole, "Mwanangu, huyu anachoka."

Hakuwa analisema gari.

Karibu na kijiji cha Tingi likazima mara ya tatu. Mzee Salehe hakugusa kitu. Alikaa juu ya jiwe, akatoa tasbihi. "Karani, mimi nimemaliza," akasema. "Liache lipumzike."

Nikaenda kufungua mpira, kwa kuwa ndiyo kazi pekee niliyoijua. Kifuniko kilipolegea nikasikia tangi likivuta hewa, fyuuu, kama mtu aliyeshikiliwa kichwa ndani ya maji kisha akaachiwa. Nikamwomba mzee ajaribu kuwasha. Likawaka papo hapo.

Mimi si fundi. Kusoma kwenyewe nilijifunzia karatasi za kufungia sukari. Lakini niliweza kufikiri. Mara ya kwanza plagi, mara ya pili kabureta, mara ya tatu hakuna kilichoguswa. Jambo lililofanyika mara zote tatu ni moja, kufungua mpira, na nilikuwa nikilifanya mimi. Kile kifuniko kina tundu dogo la kupumulia, nami nililiziba. Petroli haitoki kwenye tangi lisiloingiza hewa. Nilikuwa nimelinyonga gari, na ndani ya gari nimekulaza wewe.

"Umefunga?" Mzee Salehe akauliza.

"Tayari," nikajibu. Mpira ulikuwa mfukoni mwa koti langu.

Halikusita tena mpaka Mbinga. Mzee alieleza njia nzima kwamba gari kuukuu ni kama punda, linataka kupumzishwa, nami nikaitikia. Sikugeuka nyuma. Niliogopa nikikutazama utajua, na nisipokutazama utakufa.

Gaudensia alitoka kimya. Nikiwa mlangoni nilimsikia sista akimpiga makofi, mara mbili, mara tatu, ndipo akavuta hewa. Sauti ile nilikuwa nimeshaisikia Tingi.

Kwenye mkutano uliofuata nilipendekeza gari liwekewe mlinzi, mipira haifai. Nikapigiwa makofi tena.

Kisha ukafua koti langu. Ulikuja na ule utepe mkononi, ukaniuliza ni wa nini. Nikasema wa kufungia banda la kuku. Uliutazama, ukaunusa, ukanipa.

"Funga basi," ukasema. "Ila uache nafasi. Kuku nao wanapumua."

Hukulitaja tena miaka yote, nami sikuuliza. Kama ulijua, ulinipikiaje ugali kila siku? Kama hukujua, ulinusa nini?

Sasa Gaudensia wetu ni mjamzito, amekaribia. Jana mumewe alimleta kwa gari alilolinunua, kuukuu kuliko lile letu, akanisifia namna linavyopanda milima, ila huwa linasita kidogo. Kabla hajamaliza neno hilo mkono wangu ulikuwa kwenye kifuniko cha tangi. Alimtazama mkewe, wakanihurumia. Wanadhani ni uzee. Nimewaomba warudi Jumapili, niwaeleze yote.

Utepe bado uko bandani, mama. Kila jioni naufunga, naingia ndani, kisha natoka tena kuulegeza.

Mumeo, ambaye hujamwambia kama ulijua,
Baba Gaudensia